Doze kwa Cheo: Hotuba ya Kuzindua Skaneri ya Tumbo

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Gavana, wajumbe wa mtawala wetu wa jadi, Mwami, shefu wa mtaa wetu, kartie ya Nyamianda, mapadri, mashehe, wakulima wa mpunga mliofunga safari kutoka Luberizi, wagonjwa mliokuja na karatasi za daktari, pamoja na mimi mwenyewe, Havyarimana, Mkurugenzi wa Divisheni ya Afya hapa Uvira, ambaye nisipojitaja protokole itabaki na tundu. (Makofi. Tundu lipo hata hivyo: kiti cha Mwakilishi hakina mtu.)

Kosa la watu wengi, ndugu zangu, ni kudhani kwamba miale ya skaneri ikiwa mingi ndipo picha ya tumbo inakuwa ya kweli, kama wanavyodharau kidonge na kudai sindano. Fundi wetu wa picha, Bwana Osée, alinieleza mara nne kwa uvumilivu kwamba miale ni kama chumvi ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo: ikipungua mno, picha inajaa chenga na jiwe la figo halionekani, ikizidi, picha inapendeza lakini mwili umebebeshwa madhara bure, na sufuria kubwa, yaani mwili mkubwa, inataka zaidi kuliko ndogo. Daktari hatafuti picha ya arusi, anatafuta ugonjwa. Nilielewa papo hapo. Ndiyo maana Divisheni yangu, baada ya semina tisa na chakula cha mchana mara tisa, imepitisha Mpango Mkakati wa Usawazishaji wa Doze, unaogawa miale kwa kufuata cheo. (Osée anashika kichwa.)

Gavana atapata sehemu elfu, wajumbe wa Mwami mia nane, shefu wa kartie mia tano, mkulima wa Mutarule hamsini, na mtoto, kwa kuwa hajashika kazi yoyote, atapata kidogo kabisa. (Osée anainua kichwa: hapo, kwa bahati, Mkurugenzi amepatia.) Mimi, kwa unyenyekevu, nimejiandikia elfu moja na mia mbili, wala si kwa sababu ya tumbo hili. (Kicheko kirefu.) Osée ananinong'oneza kwamba tumbo hili ndilo sababu pekee inayokubalika. Seketere wa mkutano, andika katika rapori yetu kwamba fundi ametania.

Na matokeo yanajisemea. Tangu mwezi wa pili hakuna mgonjwa hata mmoja wa mji huu aliyezidishiwa miale, wala picha hata moja iliyotoka na chenga, rekodi ambayo hakuna hospitali yenye mashine iliyowahi kuifikia. (Makofi, wachache wanaacha katikati na kutazamana.)

Namwona hapo mbele Mama Mwavita, mwuza samaki wadogo wa ndagala, ambaye tumbo linamkata tangu Idi na daktari amemwandikia skaneri upesi. Ameshika bahasha ya picha aliyopigwa Bujumbura mwaka jana, na tangu jana hajala kitu, kama tangazo letu lilivyoagiza. Huyo ndiye raia. Simama, mama, watu wakuone.

(Mwavita anasimama, mkono ubavuni. “Bwana Mkurugenzi, minye nimekuja kupimwa, si kuonwa. Hiyo mashine iko wapi?”)

Iko hapa, mama, chini ya turubai la buluu. Swali lako limeingia vizuri katika programu, maana sasa ni saa ya kauli mbiu. Doze sawa! (Umati: “Tumbo wazi!”) Picha safi! (“Uvira mbele!”)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru shefu wa kartie kwa turubai. Namshukuru kwa namna ya pekee seremala Nourdine, aliyechonga sanduku hili kwa siku mbili, na tundu lake la duara, likafanana na skaneri hata mimi nikalipigia saluti. Mashine yenyewe haijaagizwa, kwani barua ya kuiomba isingeweza kuandikwa kabla Mpango haujazinduliwa, na Mpango tumeuzindua leo. (Mwavita anafunua turubai, anagonga: ko, ko, ko. Mbao.) Mama, usiegemee, rangi bado mbichi.

Osée, nimekuruhusu kushika maikro kwa neno moja la kiufundi, la kumfariji mgonjwa.

(Osée, polepole: “Mama, tumbo hilo lisingoje barua. Panda gari ya Bukavu leo, kwenye skaneri ya kweli, na ile picha ya mwaka jana uwaonyeshe kabla hawajakupiga nyingine, wasije wakakuzidishia miale bure.”)