Siku Mheshimiwa Alipoingia Mtandaoni

Bwana Masikio alikuwa na uwezo wa kumsikia mbu akipiga miayo. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyatoa mbele ya watu wazima bila kucheka. Alisema pia kwamba jirani wa ghorofa ya tatu akijigeuza kitandani, yeye wa ghorofa ya kwanza hujua kageukia upande upi. Mkewe, ambaye ilimlazimu kumwita mara nne ndipo aitikie, hakuwahi kubishana naye.

Kiburi hicho alikitoa kazini. Alikuwa mpima usikivu hospitalini: anakufungia kwenye kijumba chenye kuta nene za sponji, anakuvisha vifaa vya masikioni, anakupa kitufe ubonyeze kila ukisikia mlio. Kwa miaka ishirini alikuwa ameona mahakimu na wakuu wa shule wakikaa mle ndani wameshikilia kitufe kama watoto wa chekechea, wakibonyeza pasipo na mlio na kuacha kubonyeza penye mlio. Mwisho akaamini kwamba binadamu wote ni viziwi, isipokuwa mmoja.

Na huyo mmoja, nyumbani kwake, alikuwa na Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa kompyuta, ila ukimwita kompyuta umejitafutia ugomvi. Alikuwa wa kupiga muziki tu. Hakuwa na feni, kwa sababu feni huvuma. Hakuandika, hakuchapa, hakuhesabu. Mkewe Bwana Masikio, ambaye ni katibu muhtasi, aliwahi kuomba aandike humo barua moja tu ya likizo, akaambiwa kwamba herufi zingesalia ndani na kukwaruza muziki. Yeye ndiye aliyempa jina hilo la Mheshimiwa, kwa sababu alikuwa na chumba chake, anafutwa kwa kitambaa chake, hasemeshwi ovyo na hafanyi kazi yoyote.

Chumba chenyewe kilikuwa cha binti yao wa pekee. Siku binti alipokwenda chuo cha muziki mji wa mbali, kabla godoro halijapoa, baba alilisimamisha ukutani. Kisha akaleta magodoro mengine manne, akapigilia trei za mayai darini na mlangoni akaweka sponji nene kama ya kazini. Binti akirudi likizo, alilala kwenye kochi sebuleni. Hakulalamika, ingawa mama yake alilalamika kwa niaba yake.

Na kwa muda wote huo, miaka mitano kamili, Mheshimiwa hakuwahi kugusa mtandao. Muziki aliupata kutoka kwenye diski za muziki, moja moja, baba akiwa amevaa glavu. Mtandao, kwa mujibu wa Bwana Masikio, ulikuwa na uchafu, wezi na virusi, na vyote vitatu vilikuwa vinamtafuta yeye.

Sasa, Jumapili moja, binti akapiga simu. Jumamosi ijayo saa kumi jioni, chuo chao kilikuwa na onyesho, na kwa mara ya kwanza maishani mwake angepiga fidla peke yake mbele ya watu. Kila mwanafunzi alipewa zamu ya dakika chache. Ukumbi ulikuwa mdogo, wazazi wa mbali hawakualikwa, ila chuo kingerusha sauti na picha moja kwa moja mtandaoni.

“Nataka wewe unisikie, baba,” alisema. “Wengine wote wataniambia nimepiga vizuri. Wewe utaniambia ukweli.”

Bwana Masikio alikaa na maneno hayo kifuani kutwa nzima. Alimpenda binti yake kuliko alivyojua kusema, na hapa mtoto alikuwa ameomba kitu kimoja ambacho baba aliamini anakiweza kuliko mtu yeyote aliye hai. Kumsikiliza kwenye simu? Ingekuwa matusi. Akamjibu kwamba atamsikia kwa Mheshimiwa, na kwamba atasikia hata anavyovuta pumzi kati ya noti na noti. Halafu, kwa kuwa hakuweza kuwa na jambo zuri bila mashahidi, akawaalika watu.

Jumatatu akamwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa mitandao anayezungusha nyaya kwenye maofisi. Shemeji alifika na begi lake, akafanya kazi yake vizuri. Alimtengea Mheshimiwa mtandao wake peke yake, mbali na simu na luninga za nyumbani, ili zikiugua zisimwambukize. Akawasha kinga ya ndani ya mashine. Akaweka nywila ndefu. Akamwonya Bwana Masikio asifungulie humo barua pepe wala kubofya kitu asichokijua. Bwana Masikio aliyaandika yote kwenye daftari na kuyapigia mstari kwa wino mwekundu.

“Limebaki moja, ndilo kubwa,” shemeji alisema. “Hii mashine haijaona dunia miaka mitano. Iunganishe leo, uiache isasishe mfumo wake mpaka imalize. Jumamosi utaikuta tayari.”

Hapo ndipo Bwana Masikio alipofunga daftari. Alimtazama shemeji yake kama anavyomtazama mgonjwa anayebonyeza kitufe kabla ya mlio. Alimweleza kwa upole kwamba akiiunganisha siku tano, amemkaribisha mwizi siku tano. Akiiunganisha saa moja tu, mwizi atakuwa bado anafunga kamba za viatu.

Shemeji akajaribu kumwambia kwamba mashine isiyosasishwa ndiyo yenye mlango wazi. Bwana Masikio akasema kusasisha hubadilisha sauti. Shemeji akauliza hubadilisha vipi. Akajibiwa kwamba kwa masikio ya kawaida, jambo hilo halielezeki. Basi fundi wa watu akakusanya koleo na bisibisi zake, akaacha waya unaning’inia ukutani, akaenda zake.

Jumamosi ilipofika, saa tisa na nusu alasiri, wageni walikuwa watano ukimhesabu mke wa nyumba: mama mkwe, shemeji, jirani wa ghorofa ya tatu, na daktari mkuu wa kitengo cha masikio, mama mmoja mpole aliyekuwa bosi wa Bwana Masikio na aliyekuwa akisimuliwa habari za Mheshimiwa kila chai ya saa nne. Viti vitano vilipangwa nyuma ya kiti kimoja. Kile kimoja kilikuwa cha mwenyewe, na nafasi yake ilipimwa kwa futi kamba.

Mlangoni palikuwa na kapu. Kila mgeni alitakiwa azime simu yake na kuiweka humo, kwa sababu simu hupumua hewani, na hewa ilikuwa safi. Daktari mkuu alitoa yake akitabasamu. Jirani alitoa mbili. Ila alipofika mama mkwe, ameshika simu yake mkononi na miwani puani, Bwana Masikio aliinama, akamwamkia, akampokea mkoba na kumwonyesha kiti. Kuna vitu mkwe haombi kwa mama mkwe, na simu ni mojawapo. Kapu likafungiwa kabatini, ufunguo ukatiwa mfuko wa shati.

Kisha ikaja hotuba. Bwana Masikio alieleza mtandao wa peke yake, kinga, nywila na virusi, akitaja kila kitu kana kwamba kilibuniwa naye. Alieleza pia kwamba ataizima picha, maana picha hupunguza nguvu za sauti. Saa kumi kasoro dakika tano akavaa glavu za hospitali, akaifuta ncha ya waya kwa spiriti, akauchomeka.

Skrini ikawaka buluu.

*Masasisho yanasakinishwa. Asilimia 2. Usizime kompyuta.*

“Hiyo ni salamu tu,” Bwana Masikio aliwaambia wageni bila kugeuka.

Shemeji alikunja mikono, akaangalia trei za mayai darini.

Asilimia tatu. Asilimia nne. Saa kumi kamili ikagonga, na ilikuwa asilimia tisa. Bwana Masikio alibofya hapa, akabofya pale, akaisemesha mashine kwa sauti ya chini, kwanza kwa adabu, baadaye kwa majina yasiyopendeza. Jasho lilimtoka chini ya glavu. Aliona mbele yake mtoto anasimama jukwaani na fidla shingoni, na baba aliyeahidi kusikia pumzi hasikii hata upinde ukigusa uzi. Moyo ulimuuma kwelikweli. Lakini kila alipotaka kuinuka, namba iliruka kidogo, kumi na nane, ishirini na sita, naye akakaa tena. Dakika mbili tu, alijiambia. Dakika mbili alizihesabu mara nyingi.

Asilimia hamsini ilichukua muda. Tisini na tisa ilichukua muda kuliko zote zilizotangulia. Kisha mashine ikajizima, ikajiwasha, ikamwomba nywila ile ndefu, akaikosea mara mbili, akaipata. Akafungua ukurasa wa chuo, akaizima picha.

Fidla ikajaa chumbani.

Bwana Masikio alifumba macho. Ilikuwa sauti nzuri mno, nyembamba bila kukatika, na alipoisikia machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Miaka mitano ya waya, sponji na magodoro ilikuwa imelipa kwa dakika hiyo moja. Akaanza kuwafundisha wageni, macho bado amefumba. Aliwaomba wasikilize pumzi ile, ya ukoo wa kwao kabisa, maana hata bibi yake mtoto huvuta hivyo. Aliwaomba wasikilize kidole cha tatu, alivyokuwa akikichelewesha tangu ana miaka saba na yeye baba akimkanya. Akasema mtu baki angeweza kumchanganya na mpigaji mwingine, ila mzazi hawezi, hata kati ya elfu.

Akageuka apokee pongezi. Viti vitano vilikuwa vitupu.

Mtu aliyemsikia mbu akipiga miayo hakuwa amesikia watu watano wakiinuka, wakivuta viti, wakifungua mlango wa sponji na kutoka nje mmoja baada ya mwingine, tena mmoja wao akiwa mama mkwe mwenye magoti yanayolia.

Aliwakuta jikoni. Wameizunguka meza, vichwa vimeinama, kama wanaotafuta pete iliyodondokea kwenye mchele. Katikati ya meza palikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria, imesimamishwa ubavuni ili isikike zaidi, palikuwa na simu ya mama mkwe. Daktari mkuu alikuwa akijifuta macho kwa taulo la vyombo.

“Mmejazana huku na mwanangu anapiga kule,” Bwana Masikio alisema. “Njooni mumsikie.”

Mkewe alimtazama kwa muda. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha.

“Huyo anayepiga kule ni mtoto wa watu,” alisema. “Wa kwako amemaliza saa kumi na dakika kumi na mbili.”

Kutoka chumbani, kupitia mlango uliobaki wazi, mtoto wa watu aliendelea kupiga kwa ufundi mkubwa. Jirani wa ghorofa ya tatu alikohoa. Shemeji alienda kuufunga mlango taratibu, bila kuambiwa.

Simu ikalia mle ndani ya sufuria. Alikuwa binti. Bibi yake aliipokea palepale bila kuitoa, sauti ikasikika jikoni kote. Akawashukuru wote, akauliza baba yuko wapi.

“Nipo,” alisema Bwana Masikio.

“Niambie ukweli sasa.”

Maneno alikuwa nayo tayari, yale ya pumzi na ya kidole cha tatu, na hapana shaka yangetosha. Aliwaangalia wale watu watano. Hakuna aliyemsaidia wala kumzuia.

“Sijakusikia, mwanangu,” alisema. “Wamekusikia wote. Mimi nilikuwa chumbani nangojea mashine.”



“Hata nilichosema kabla ya kupiga?”

“Ulisema nini?”

“Nilisema ninampigia baba yangu, ambaye ananisikiliza kutoka chumba changu.”

Bwana Masikio alivua glavu, akaziweka mezani. Akasema amekosa, akalirudia neno hilo. Alikuwa amemwomba msamaha bosi, mke na hata polisi wa barabarani, ila binti yake hii ilikuwa mara ya kwanza.

“Subiri,” binti alisema. “Nipo kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi. Fidla ninayo.”

Zikasikika hatua, kitasa, kitu kikiwekwa chini. Kisha akaanza. Bwana Masikio alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, mbele ya bosi wake na mama mkwe wake, akaingiza sikio ndani ya sufuria na kukaa hivyo mpaka mwisho. Simu ilikwaruza, gari lilipiga honi huko nje ya ngazi, na noti mbili za chini zilipotea kabisa. Hakuinua kichwa.

“Haya,” binti alisema.

“Mwanzoni ulikuwa na woga, umeukaza upinde,” alijibu baba yake. “Katikati sina la kusema. Mwisho nimelia.”

Binti akacheka, naye akalia kidogo, wakaagana. Mama mkwe alichukua simu yake, akaipangusa kwa kanga na kuitia mkobani. Watu wakanyooka migongo, wakaanza kuulizana chai.

Bwana Masikio peke yake alibaki amepiga magoti. Aliigonga sufuria kwa kucha, akasikiliza. Akaizungusha kidogo, akagonga tena, upande wa mpini.

“Ina joto fulani kwenye sauti za kati, wala haina ukali,” alisema. “Sufuria hii imenunuliwa wapi?”

“Hiyo ni yako,” mkewe alimjibu. “Ndiyo unayochemshiwa chai kila asubuhi, mwaka wa kumi na tisa huu.”