Paa Lililolala Chali

Uliliona. Usiniambie hukuliona. Ulipita pale na mwavuli wako, ukainua macho, ukaona paa la wodi ya wazazi limebonyea katikati kama bakuli, kisha ukashusha macho ukaenda zako. Na mlikuwa wengi.

Basi sikia. Mkurugenzi wa hospitali alitangaza kwamba wodi itaezekwa kwa paneli za kisasa zilizopinda: bati juu, bati chini, katikati sponji ngumu ya kuzuia joto. "Mtoto atazaliwa ndani ya ubaridi wa maendeleo," alisema, tukapiga makofi, maana ndiyo kazi yetu. Siku ya jiwe la msingi akakabidhiwa mfano mdogo wa jengo. Paa likamponyoka. Akaliokota, akalirudisha chali, tumbo juu. Itifaki inasema kilichowekwa na mgeni rasmi hakiguswi. Msanifu akakohoa. Mhandisi akatazama viatu vyake. Picha ikapigwa, na picha ikawa ramani.

"Jamani, paa huwa na mgongo," fundi mkuu alinong'ona.

"Wewe umesomea itifaki?" msaidizi wa Mkurugenzi akamuuliza.

Hakusomea. Akaezeka chali, akainua na kuta za pande mbili za mwisho zizibe ncha za paa, jengo lifanane na picha.

Mkunga wa wodi hiyo, ambaye wote humwita Sista, alikuwa na mkamwana wake kitanda cha katikati, na kichanga kifuani. Mvua ya kwanza ikanyesha. Paa halikuvuja hata tone, na hapo ndipo Sista aliposhikwa na hofu. Maji yote yale yako wapi? Juu yake paneli zikalia kriii. Akainua ufagio. Ufagio ambao siku zote haukufika darini, sasa ukafika.

Akakimbilia ofisini kwa Mkurugenzi, kibanda kikuukuu cha mabati yenye kutu, kikavu kabisa.

"Bosi, paa limebeba maji."

"Halijabeba, Sista. Linahifadhi. Kuna tofauti ya kisera hapo."

"Likianguka je?"

"Kuanguka hakumo kwenye mpango wa mwaka huu."

"Mkamwana wangu yuko chini yake!"

"Hongera kwa mjukuu! Mimi mwenyewe ningekaa pale kwa raha zangu." Akamgeukia msaidizi. "Hilo litangazwe redioni."

Likatangazwa: wodi ni salama, na Mkurugenzi yuko tayari kuhamia wakati wowote.

Sista akasikia, akacheka kama mtu aliyetupiwa ufunguo. Mkurugenzi alipotoka kwenda kula, wazazi wakatoka wodini na magodoro yao, asiyeweza kutembea akabebwa na mafundi. Bwana mkubwa aliporudi, alikuta kichanga kimelala juu ya meza yake, kimelowesha hotuba ya kesho.

"Sista, hii ni nini?"

"Utekelezaji, bosi. Kiti chako tumeshakihamishia wodini. Kiko katikati kabisa."

"Lakini kule..."

"Kule kuna nini?" Watu wa redio, ambao Sista alikuwa amewaita, wakasogeza vinasa sauti. "Sema, baba, tusikie."

Akachukua faili lake, akaenda.

"Mtema mate juu humrudia usoni!" mkamwana akamsindikiza kwa sauti, na magodoro yote yakacheka.

Sasa yuko kule, kila akitia saini anatazama dari. Akiamuru paneli zigeuzwe, amekiri. Akinyamaza, wingu hilo linakuja. Kwa hiyo amepata njia ya tatu, ya kitaalamu: askari wamepewa amri wawarudishe wazazi wodini "kwa heshima zote", naye arudi ofisini kwake, leo hii, kabla mvua haijashuka.

Haya, wewe mwenye mwavuli. Safari hii usishushe macho. Ile ofisi ina mlango mmoja, na Sista ni mwembamba, hatoshi kuuziba. Weka chini unachosoma. Inuka, mwite na jirani yako, njooni msimame mlangoni. Sasa hivi. Askari wameshavaa viatu.