Mti Nilioupaka Asali

Jumatano, 10 Septemba
Mwalimu Rosina anatuita wazazi shuleni Jumamosi. Kuna mchezo! Mtoto anafungwa kitambaa machoni, mzazi anamshika mkono hadi kwenye mti, mtoto anaupapasa, anarudishwa. Akifunguliwa, autafute mwenyewe. Eti mchezo huo unamfundisha mtoto umakini na kumwamini mzazi. Binti yangu Mwatumu kamkataa mama yake, anamtaka baba. Kifua kimenijaa! Tatizo ni jirani Jabiri. Tangu jana anamzungusha binti yake Maryamu shambani, macho kafungwa, wanapapasa michungwa. Mazoezi! Mtu mzima na ndevu zake! Kijiji chetu cha Sindeni hakitalala kwa kunicheka akinishinda.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimepata. Mimi si mfuga nyuki? Jioni nimenyata hadi shuleni na kikopo cha asali, nikaupaka mjohoro wa nyuma ya darasa la tatu. Mwatumu ataupapasa, vidole vitanata. Akifunguliwa, autafute mti unaonata. Basi. Akili ni mali, Jabiri!

Jumamosi, 13 Septemba
Aibu. Aibu! Majimoto, chungu wale wekundu wanaouma, yameila asali usiku kucha, shina zima limejaa. Sikuyaona, nilikuwa namwangalia Jabiri. Mwatumu akasita, akauliza mbona kuna vitu vinatembea. Nikamwambia hamna kitu, kumbatia tu. Akakumbatia, kwa kuwa nimesema mimi. Yowe lile! Jabiri ndiye aliyekimbia kumpangusa kwa kofia yake. Wala hakucheka. Afadhali angecheka. Mwalimu Rosina akauliza nani kapaka asali. Nikatikisa kichwa, nikasema watoto wa siku hizi, jamani.

Jumapili, 14 Septemba
Mwatumu kavimba uso. Nimemsikia akimwambia mama yake kwamba baba hakuyaona majimoto, angeyaona angemwambia. Nimeiacha chai mezani. Nimeapa kumweleza ukweli. Nimeingia, nikamuuliza kama anataka muhogo.

Jumatatu, 15 Septemba
Mchezo unarudiwa Ijumaa, safari hii watoto wanawaongoza wazazi. Nilijua atamchagua mama yake. Kanichagua mimi! Kasema nisiogope, atautazama mti vizuri kwanza, ndipo anipeleke. Machozi yamenilenga. Sistahili mtoto huyu, wallahi. Nimekaa nyuma ya nyumba, nimelia kidogo.

Kisha nimechukua kitambaa na sindano, nimetoboa matundu mawili. Nimekijaribu. Namwona hadi Jabiri ng'ambo ya barabara.