Mama wa Kukodi

Basili alikuwa amekaa stendi ya Moshi tangu asubuhi bila kupata mteja hata mmoja, ndipo alipomwona mzungu akigombana na mlango wa choo. Mlango ulikuwa mwembamba na begi lake kubwa. Aliingia kwa mbele akakwama, akaingia kinyumenyume akakwama tena, wala hakuthubutu kulivua maana hakuwa na mtu wa kumshikia. Wapiga debe walicheka. Basili hakucheka, kwa sababu yeye alikuwa mtu makini katika kazi yake, na kazi yake ilikuwa utapeli.

Alimshikia begi, akalirudisha bila kulifungua. Naomba hilo likumbukwe, maana ni uaminifu pekee tutakaouona kwake. Mzungu alishukuru karibu alie. Aliitwa Hilda, Mholanzi, mwezi wa kumi na nne yuko njiani peke yake, analala gesti za bei ya chini kuliko zote, na Kiswahili alikuwa amekiokota humohumo kwa wahudumu. Alimweleza Basili kwamba watu hudhani shida ya safari kama yake ni hela, au nyoka. Kumbe alipougua homa kule Mbeya alilala chumbani siku tatu na hakuna aliyegonga mlango. Na kila wiki anajieleza upya kwa watu wapya, katoka wapi, anakwenda wapi, mpaka jina lake mwenyewe limeanza kumchosha.

Wajanja wengine wa stendi huuza tanzanite za vipande vya chupa. Basili akaona bidhaa ambayo hakuna aliyewahi kuitandaza mjini: mama.

Alikuwa na haraka pia. Kulikuwa na kibanda kitupu pale stendi, na mwenye kibanda alimpa mpaka mwisho wa mwezi alete laki nne, la sivyo anampa mwingine. Basili alishakichagulia rangi na kukitungia bango la ofisi ya utalii.

Mama alimpata Old Moshi, juu ya Kiboriloni. Bibi Elinipendo alikuwa mjane aliyekuwa akimuuzia ndizi sokoni. Watoto wake wanne wako Dar, wanapanda Krismasi, wanashuka mwaka mpya. Alikubali kuwa mama kwa kilo mbili za sukari na kitenge, akauliza tu kama mgeni anakula ndizi.

Hilda alikaa kwake siku mbili, akijua ndiye mama mzazi wa Basili. Jioni ya kwanza Bibi alimuuliza mbona amekonda hivyo, na kama kwao wanajua alipo. Hilda akalia palepale, juu ya sahani ya kiburu, ndizi na maharage. Basili aliyatazama machozi yale kama mkulima anavyotazama mawingu.

Kisha mgeni akaenda zake Lushoto. Siku ya kumi Basili akamtumia ujumbe kwamba Mama kazidiwa, hospitali wanataka laki nne, dada fanya haraka. Akakaa na simu mkononi akisubiri muamala. Ukaja ujumbe: Niko kwenye basi, nakuja.

Hapo ndipo alipokosea hesabu. Basili aliwazoea wazungu wa kupanda mlima kwa wiki moja, wenye hela nyingi na wasio na muda. Huyu wa miezi kumi na nne ni kinyume chao. Hela hana, muda anao wa kumwaga.

Alikodi bodaboda akapanda nayo Old Moshi roho mkononi. Alimkuta Bibi anachuma kahawa, mwenye afya ya kuudhi, akamweleza mambo yalivyo. Bibi akaweka kikapu chini.

"Naumwa nini sasa?"

"Chagua mwenyewe, Mama, ila kiwe kikubwa."

"Basi mgongo. Mgongo hauna kipimo."

Hilda alimkuta kitandani akiugulia vizuri kabisa. Basili akaanza hotuba ya hospitali, lakini mgeni alishajifunga kanga na kuuliza mundu uko wapi, ng'ombe hawajala. Bibi akafungua jicho moja. Akasema kwa sauti ya mgonjwa kwamba katika nyumba yake haijawahi kutokea binti akate majani na mtoto wa kiume amekaa. Basili akachukua mundu.

Ikawa hivyo wiki tatu. Kila alipodokeza kwamba Mama anaonekana ana nafuu, mgongo uliamka. Alikata majani, akachota maji, akanunua nyama ya supu ya mtori kwa hela yake mwenyewe. Akitaka kutoroka, anakutana njiani na akina mama wa kanisa wakipanda na maziwa na mayai, wanamshika mkono, wanamwambia laiti vijana wote wangekuwa kama yeye. Ni vigumu kuwatoroka watu wanaokusifu. Alijaribu mara mbili, na mara zote mbili alirudi amebeba mayai. Mwisho wa mwezi ukapita, na kibanda kikapata mpangaji.

Jumapili ya nne Bibi akapona. Akaenda kanisani kushukuru, na sadaka yake ilikuwa jogoo. Baada ya ibada vitu vya sadaka hupigwa mnada nje, na Mzee Aikaeli, mnadi wa usharika, alimwinua jogoo akatangaza kwamba huyu ni wa shukrani ya uponyaji, na kijana aliyemuuguza mama yake yupo hapa hapa. Watu wote wakageuka. Hakuna sheria inayomzuia mtoto kuacha jogoo wa mama yake anunuliwe na jirani, lakini jaribu uone. Majirani walilijua hilo, wakawa wanapandisha dau kwa furaha. Basili alimnunua kwa hela yote aliyobaki nayo, pamoja na nauli.

Wakapanda njia ya nyumbani, Bibi mbele, mgongo umenyooka. Basili, jogoo kwapani, akashindwa kuvumilia.

"Dada Hilda, nikwambie ukweli. Mama hakuwa mgonjwa. Wala si mama yangu."

"Najua. Aliniambia siku ileile niliyofika, ulipokwenda kukata majani. Alisema haumwi, lakini akipona nitaondoka. Nikamwambia basi asipone haraka."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa unakata majani vizuri." Akatembea kidogo. "Basili, nimetapeliwa katika nchi kumi na moja. Wamechukua simu, viatu, mpaka wameniuzia tiketi ya treni isiyokuwepo. Wewe ndiye wa kwanza kunitapeli nikabaki na mama."

Basili akamhamishia jogoo kwapa la pili. Kule mbele Bibi aligeuka akamwambia atie mwendo, jogoo hajichinji na ng'ombe hawajala. Basili aliitazama barabara ya kushukia mjini. Kisha akamfuata mama yake.