Siku Verlyn Skibba Alipovuka "Lakini"

Sogeeni, nyote mliowahi kukatizwa maneno. Ninyi mliofungua mdomo mezani mkaufunga bila faida, wekeni vikombe chini mnisikilize. Sisimulii kuanguka kwa miji wala harusi za wafalme. Nasimulia Jumamosi ya mwisho ya Desemba, katika baa ya Lorna Petrusky, mjini Harnack, kaskazini mwa Wisconsin, siku ambayo Verlyn Skibba, msoma mita za maji, mpole wa sauti na mkubwa wa viatu, aliitoa sentensi moja tangu neno lake la kwanza hadi nukta yake. Nawe Subira, malkia wa wangojao zamu, nishike mkono, maana safari ni ndefu na adui ni wa ukoo.

Msimu ulikuwa ukingoni. Timu ya jimbo ya futiboli ya Kimarekani ilibakiwa na mechi moja tu, kesho yake saa sita mchana. Ikishinda, itaingia mtoano pamoja na vigogo. Ikishindwa, itarudi nyumbani kukwangua barafu kwenye vioo vya magari kama watu wengine. Na jeshi hilo lilikuwa na makwotabeki wawili, majemadari wa kuurusha mpira: Haddix, mwenye miaka thelathini na minane na goti linalolia kama mlango wa ghala, na Pruette, kijana wa miaka ishirini na miwili, ambaye akikimbia huachi kumwonea huruma anayemfukuza. Kocha hakuwa amesema nani ataanza.

Kila mwaka, ifikapo wiki hiyo, waungwana wa baa ya Lorna hukaa baraza, wakabishana, wakaafikiana, wakamwandikia kocha kadi ya ushauri yenye sahihi za wote, kisha Lorna akaipeleka kwa faksi. Makocha wanne walikuwa wameshapita na hakuna aliyejibu. Hilo halikuipunguzia kadi uzito hata chembe.

Verlyn alikuwa amehudhuria mabaraza kumi na moja. Katika yote hayo hakuwahi kulivuka neno "lakini". Aliyemzuia pale, mwaka baada ya mwaka, kama ngome kwenye kivuko, alikuwa Roland Dombeck wa Koo la Shaba, muuza mashine za theluji, kaka wa mkewe. Tuseme haki: Roland hakumchukia. Ni kwamba sikio lake, likisikia "lakini" kwenye kinywa cha mtu mwingine, lilidhani linakaribishwa. Basi sentensi za miaka kumi na moja Verlyn alizibeba nyumbani nusunusu, akazimalizia kitandani, sikioni mwa mkewe Jeanette.

Asubuhi ya siku hiyo Jeanette, huku akipaka siagi mkate, alitoa tamko.

"Mume wangu, nakupenda. Ila habari za Haddix na Pruette uzimalizie hukohuko kwa kaka yangu. Ukirudi nazo humu ndani, utalala nazo kwenye kochi."

Verlyn akatia daftari lake mfukoni, akavaa kofia ya masikio, akaenda vitani.

Alipofika, mapigano yalikuwa yamekwisha kuwaka. Roland alisimama kati ya meza na meza, glasi ya brandi mkononi.

"Enyi watu wa Harnack!" alinguruma. "Tutakwenda kupigania mtoano tukiongozwa na babu anayeshuka ngazi kwa kushika ukuta? Haddix apewe kiti na blanketi! Mimi nasema Pruette!"

"Septemba ulisema ukipata mjukuu utamwita Haddix," alisema Lorna, mlinzi wa mabomba ya bia, bila kuinua macho kwenye glasi alizokuwa akizifuta.

"Septemba kulikuwa na joto, Lorna. Kwenye joto mtu husema mengi."

Watu wakacheka, na katika kicheko kile Verlyn aliona ukuta umepata ufa. Akasimama.

"Kijana ana mbio, hilo silipingi," alisema, "lakini..."

"Lakini nini, shemeji? Mbio ndiyo mchezo wenyewe! Watazame wenzetu walio juu, wote wana vijana!" Na hapo Roland akazitaja timu zote zinazowania mtoano, moja moja, na umri wa kila kwotabeki. Verlyn akarudi nyuma, akakaa.

Akangoja Roland anywe. "Kijana ana mbio, lakini..."

"Asante, shemeji, kwa kuniunga mkono!"

Mara ya tatu alishambulia kutoka ubavuni. "Kijana ana mbio, ila..."

"Ila nini?" alidakia Roland, ambaye njia hiyo nayo aliijua. Akavuta kadi, akafungua kalamu, akaanza kuandika kwa herufi kubwa: MWANZISHE PRUETTE.

Sentensi ya kumi na mbili ilikuwa inaelekea kitandani, au tuseme kwenye kochi, saa ilipogonga kumi na Lorna akapiga kengele ya bahati nasibu ya nyama.

Kila Jumamosi saa kumi watu hushika vibao vyenye namba, gurudumu la ukutani likazungushwa, na aliyeangukiwa huiendea meza ya nyama akachagua pakiti moja. Na juu ya meza ile kulikuwa na sheria, iliyotungwa na Roland mwenyewe baada ya shangazi yake kupigiwa kelele za ushauri hadi akachanganyikiwa, akaacha bekoni akachukua maini, asisemeshane na watu hadi Pasaka. Ilisema hivi, kwa mwandiko wa Roland: TANGU MSHINDI AFIKE MEZANI HADI AGUSE NYAMA YAKE, WENGINE WOTE KIMYA. ATAKAYESEMA HACHEZI TENA HADI THELUJI IISHE.

Gurudumu likalia tak-tak-tak, likachoka, likasimama kwenye thelathini na moja. Verlyn akatazama kibao chake. Akakitazama tena, maana hakuwa mtu wa pupa. Kisha akaiendea meza.

"Kimya!" aliamuru Roland. "Shemeji anachagua."

Mkono wa Verlyn ulikuwa umebakiza kidole kimoja kuifikia bekoni alipoisikia hali ile. Watu arobaini, na hakuna anayepumua. Akainua macho, akaisoma sheria polepole, kama asomavyo mita. Ilisema wengine wote. Akaurudisha mkono mfukoni.

"Kijana ana mbio," alianza, "hilo silipingi, lakini..."

Akasimama, kwa mazoea. Hakuna aliyekuja. Roland alikuwa amefungua mdomo. Macho yake yakapanda kwenye mwandiko wake mwenyewe, na mdomo ukafungwa. Shingo ikavimba, uso ukawa rangi ya nyama iliyokuwa mezani.

"...lakini mwaka huu amecheza mechi tatu za baridi kali, na mpira umemponyoka mara saba. Haddix, kwa baridi za miaka mitatu, umemponyoka mara moja tu, na hapo alikuwa amegongwa na watu wawili. Kesho redio imesema theluji na upepo, uwanja utakuwa barafu, hakuna atakayekimbia, si kijana wala mzee. Kwa hiyo tuyaache magoti, tumwanzishe anayejua kuushika mpira."

Ikafika nukta. Verlyn alisimama juu ya nukta ile kama mtu aliyepanda mlima asioujua upande wa pili. Kisha, kwa kuwa alipenda utaratibu, akaweka mkono juu ya bekoni.

Roland akaachia pumzi kama tairi. Wote wakangoja radi.

"Mara saba?" aliuliza.

"Saba." Verlyn akampa daftari.

Roland akalamba kidole, akafunua kurasa. "Ile ya mechi ya Green Bay, Novemba, kosa halikuwa lake. Alipewa mpira vibaya."

"Hiyo sikuihesabu."

Roland akasoma hadi mwisho. Akalifunga daftari, akamtazama mume wa dada yake kwa mshangao wa kweli.

"Kumbe una maneno, shemeji! Sasa miaka yote hii ulikuwa kimya kwa nini?"

Baa ikalipuka. Mtu mmoja alianguka pamoja na kiti chake. Roland, asiyejua wanachekea nini, akakata PRUETTE, akaandika HADDIX, akatia sahihi ya kwanza, na mashine ya faksi ya Lorna ikaimeza kadi kwa mlio wa uchungu. Wakampandisha Verlyn juu ya kiti, wakagonga meza kwa glasi. "Ongeza! Ongeza, Verlyn!" Na Roland akasimama chini yake, akainua mkono, akawanyamazisha wote ili shemeji yake asikike.

Verlyn alifikiri. Akafungua daftari, akahakikisha.

"Hapana," alisema. "Nimemaliza."

Ndipo Lorna akachukua chaki, na ubaoni, juu ya bei ya samaki wa Ijumaa, akaandika, ili vizazi visome: Desemba ishirini na nane, saa kumi na dakika kumi na mbili, Verlyn Skibba amemaliza kusema.