Wakala wa Mungu Mwenye Pembe

Kitu cha kwanza Sikander Virani alichokitazama kwa waabudu wale kilikuwa viatu. Aliingia kwenye duka la vitabu la mtaa wa Queen kukwepa mvua ya Novemba, ile mvua ya Toronto inayonyesha kwa dharau, akakuta nyuma ya rafu watu kumi na mmoja wenye majoho meusi wameizunguka meza. Mezani palikuwa na kichwa cha mbao chenye pembe. Mtu mwingine angedhani ni shetani na kutoka mbio. Sikander aliona ngozi halisi na soli zilizoshonwa kwa mkono, akavuta kiti.

Kiongozi wao alikuwa daktari wa meno mstaafu. Mimi nitamwita Daktari tu, maana jina alilojipa mwenyewe, Binti wa Mbalamwezi ya Tatu, linanichosha. Alikuwa akionyesha picha ya bakuli la fedha la kale lililofukuliwa kwenye matope ya Denmaki. Ndani yake amechorwa mtu mwenye pembe kichwani, kamshika nyoka, amekunja miguu kama mzee aliyeketi mkekani.

"Mungu huyu huzaliwa Desemba, siku iliyo fupi kuliko zote," alisema Daktari. "Hukua pamoja na jua. Mei anaoa. Kiangazi anatawala. Majani yakipukutika anazeeka, na mavuno yakiisha anakufa. Kisha anazaliwa tena."

"Kila mwaka?" aliuliza Sikander.

"Kila mwaka."

"Na harusi kila Mei?"

"Kila Mei."

Sikander, ambaye harusi moja ilikuwa imemtosha, alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akauliza kama kuna shida yoyote ambayo mgeni anaweza kuwasaidia. Ni swali zuri sana hilo. Limeshawafilisi watu wengi wenye busara.

Shida ilikuwepo. Pembe walizovaa siku ya kuzaliwa kwa mungu wao zilikuwa za plastiki, za duka la Halowini. Walitaka pembe halisi za kulungu, jozi kumi na moja. Na kwa sharti lao, mnyama asiwe ameuawa.

Hapo moyo wa Sikander uliruka. Alizaliwa Arusha, na Arusha swala au tandala akishaota pembe ni zake mpaka kufa. Ukiona pembe ukutani kwa mtu, jua nyama ililiwa. Pembe bila kifo ni kitu kisichowezekana, na kitu kisichowezekana hakina bei ya soko.

"Zipo," alisema taratibu, akishusha sauti. "Ukoo wangu ndio watunza pembe wa mungu wa Mlima Meru."

"Kumbe na kwenu yupo!"

"Yupo. Ila wetu hufa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu tuna mvua mbili."

Ukweli ni kwamba ukoo wake uliuza vipuri vya baiskeli. Lakini wale watu walinong'onezana kwa heshima, na mmoja akaandika jambo hilo la mvua mbili kwenye daftari. Sikander akataja dola mia tano kwa jozi. Daktari akawaangalia wenzake, wenzake wakamwangalia, kwa sura ambayo Sikander aliisoma kuwa ni mshangao. Wakakubali.

Siku iliyofuata alikwenda Malvern, mtaa anaoishi yeye mwenyewe, kwenye gereji ya Kuria. Kuria alikuwa Mkenya ambaye kila aliyekwama humwendea: ukitaka tairi za theluji, ukitaka jokofu, ukitaka mbuzi wa kuchinja.

"Nataka pembe za kulungu, jozi kumi na moja. Na mnyama asiuawe."

Kuria aliweka spana chini. "Asiuawe?"

"Asiuawe."

"Boss, umekaa Kanada miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na msitu ushawahi kuingia?"

"Nikatafute nini msituni?"

Kuria alikohoa, akafuta macho. "Manze, hiyo kazi ni noma. Lazima mnyama adungwe sindano ya usingizi. Kuna daktari wake, kuna ganzi, halafu pembe zinakatwa mdogo mdogo. Na akiamka akupate bado umezishika, buda, umeisha. Mia nne kwa jozi, na uniachie kitu cha rehani saa hii. Kitu ukikosa kukirudia, hutalala."

Nyumbani kwa Sikander kitu cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu: bangili nne za dhahabu za mama mkwe wake, Jenabai. Zilitoka Moshi mwaka ambao familia iliondoka, zimeshonwa ndani ya mto, na Jenabai alikuwa ametangaza mbele ya ukoo mzima kwamba atamvisha mjukuu wake Reena siku ya harusi, tarehe ishirini na tatu Desemba. Reena ni binti wa Sikander. Mungu mwenye pembe alikuwa azaliwe tarehe ishirini na moja. Sikander alipiga hesabu akaona zipo siku mbili nzima za ziada, na mtu mwenye siku mbili za ziada hawezi kuitwa mwizi. Akazichukua kwenye droo ya Jenabai, zikiwa ndani ya leso.

Kuria alizigeuza mkononi, akasoma herufi zilizochongwa ndani.

"Za nani?"

"Za marehemu mama mkwe."

"Woi, pole. Alituacha lini?"

"Juzi juzi tu."

"Pole sana," alisema Kuria, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Sikander aliguswa kuona Mkenya mwenye moyo laini kiasi kile.

Pembe zilikuja kabla ya siku, ndani ya magunia mawili, safi na nzito. Tarehe ishirini na moja, saa kumi na dakika arobaini, jua likiwa linazama kama kawaida yake ya Desemba, Sikander alisimama uani kwa Daktari, karibu na High Park, kavaa kanzu nyeupe juu ya koti la baridi. Kila jozi aliifungia Cheti cha Kutodhuru Mnyama, kilichogongwa muhuri wa duka la vipuri la ukoo. Waabudu wakavaa pembe. Mhasibu mmoja akanasa kwenye kamba ya kuanikia nguo, ikabidi wamnasue kwa mkasi.

Sikander akatoa hotuba. Akaeleza sindano, ganzi, na jinsi kulungu walivyoamka wakiwa wenye afya njema na shukrani.

Mtu mmoja akacheka.

"Ganzi?" alisema Daktari. "Ndugu yangu, hizi hudondoka zenyewe. Kila majira ya baridi kulungu anazibwaga, na majira ya machipuko anaota nyingine. Ndiyo maana ni taji la mungu wetu. Kama zisingedondoka, angekuwa mungu wa majira gani?"

"Zinadondoka? Chini?"

"Kwani zidondokee wapi?"

Sikander alihisi baridi ikimwingia chini ya kanzu. "Sasa kwa nini msiende kuziokota wenyewe?"

Waabudu wa mungu wa misitu walitazamana.

"Kuna kupe," alisema mmoja.

"Na matope," alisema mwingine, akitazama viatu vyake.

"Na maegesho ni shida," alisema mhasibu.

Walilipa bila kinyongo, bahasha nene. Walijua tangu mwanzo wanapigwa, nao waliona hiyo ni nafuu kuliko kununua mabuti. Mjinga pekee uani pale alikuwa yule aliyeshika bahasha.

Alifika gereji ya Kuria bado kavaa kanzu.

"Umeniibia! Zinadondoka!"

"Ulisema mnyama asiuawe. Nani ameuawa?"

"Ulinidanganya habari za ganzi!"

"Na wewe ukawadanganya wazungu ganzi ile ile. Sasa unalia nini?" Kuria alinyoosha mkono. "Bei imepanda. Leta bahasha yote."

Sikander alifungua mdomo abishe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake haukutoka uongo wowote. Akilini alimwona Reena jukwaani mbele ya watu mia nne, mkono mtupu. Alimwona Jenabai akifungua droo. Aliogopa, aliogopa vibaya, kwa sababu alimpenda mtoto wake na hakuwa na njia nyingine. Akatoa bahasha. Kuria akampa leso, imefungwa mafundo matatu.

"Usifungue nje. Baridi inaharibu dhahabu."

Huu ni uongo ambao Sikander mwenyewe angejivunia. Aliuamini mpaka nyumbani.

Jikoni alimkuta Jenabai anakanda unga. Kila alipousukuma, kitu kililia kwenye mkono wake. Bangili, nne. Sikander akafungua mafundo kwa meno. Ndani ya leso palikuwa na pete nne za pazia.

Jenabai kwa kawaida alizungumza Kikachi, lugha ya mababu zake wa Kihindi. Akikasirika alihamia Kiswahili, kile alichouzia vitambaa Moshi.

"Kuria ndiye dereva wa basi letu la wazee," alisema. "Kila Jumatano anatupeleka shamba la rafiki yake kutembea. Pembe zile tumeziokota sisi, tangu Machi. Ulipompa bangili, jioni ile ile akaniletea. Ananiambia, 'Mathe, pole na msiba wako.' Nikamuuliza nani kafa."

"Mama, mimi nilitaka tu..."

"Nyamaza. Bahasha nusu ya Kuria, nusu ya wazee. Tunakwenda Niagara, hoteli ya kutazama maji."

"Shahnaz anajua?" Shahnaz ni mkewe, mtoto wa Jenabai.

"Bado." Jenabai alipangusa unga mikononi. "Daktari wako wa meno ana marafiki wengi, na Kuria ameshawapata. Wanataka jozi ishirini. Wazee magoti yanatuuma. Yako mazima?"

Tarehe ishirini na tatu Reena alivishwa bangili, na Sikander akalia sana. Wageni wakasema, tazameni uchungu wa baba.

Machi ilipofika, theluji ikigeuka tope, alikuwa anatambaa chini ya vichaka, suruali imechanika, kupe wawili wameshampanda shingoni. Nyuma yake wazee sita wa Malvern walimwelekeza kwa mikongojo, kila mmoja upande wake. Karibu saa sita mchana aliiona moja, kubwa, yenye ncha tano, kwenye majani makavu. Akainyanyua juu kwa mikono miwili, akipiga kelele kwa furaha ambayo hakuitegemea.

Jenabai alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya basi, anamimina chai kutoka kwenye chupa. Hakusimama.

"Jozi, Sikander," alisema. "Rudi ukatafute ya pili."