Vita vya Kamanda Hinnerk na Kalunguyeye Aliyeamka

Sogeeni wajukuu zangu, na wewe unayetafuna, tafuna umalize, kwa maana simulizi hii haitaki mdomo uliojaa. Kitendawili! Askari wangu amelala majira yote ya baridi na mikuki yake mgongoni. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mnanipa Hamburg? Nimeuchukua na bandari yake. Jibu ni kalunguyeye, naye ndiye aliyekisimamisha kijiji chetu cha Lüttenbrook.

Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka, siku ya moto mkuu wa kuifukuza baridi. Ndipo aliposimama Hinnerk Tietjen, kamanda wa zimamoto, Mwenye Masharubu ya Shaba, Bwana wa Mipira ya Maji, yeye azimaye moto mwaka mzima ili siku moja tu auwashe. Mbele yake rundo la matawi na miti ya Krismasi iliyokauka. Nyuma yake kijiji kizima na soseji zao. Na ng'ambo ya shamba la viazi, mahasimu wetu wa Grotenbrook, nao na rundo lao. Atanguliaye kuwasha hutamba mpaka Pasaka ijayo, na sisi tulikuwa tumekwisha kutambiwa vya kutosha.

Lakini desturi ni desturi: kabla ya kuwasha, rundo lote huhamishwa tawi kwa tawi, isije ikawa kiumbe amejihifadhi ndani. Tulihamisha tangu mchana, rundo jipya likasimama pembeni. Likabaki fungu moja la majani pale chini. Nalo likapiga chafya.

"Nani huyo?" akanguruma Hinnerk.

Akatoka. Ole wetu, jinsi alivyotoka! Alitetemeka mwili mzima kujipasha joto, akayumba kama mtu anayetoka harusini, ngozi ikimning'inia kama koti la kaka yake mkubwa, maana unono wote wa vuli alikuwa ameula usingizini. Hinnerk akamrukia kwa mikono miwili iliyovaa glavu za ngozi. Yule akajikunja. Kamanda akaruka juu, akiwataja watakatifu ambao si wa dhehebu letu.

"Leteni koleo!"

"Koleo?" Huyo alikuwa Frauke, mkewe, malkia wa jiko la soseji. "Hinnerk Tietjen, kiumbe hajatia kitu kinywani tangu majani yalipopukutika, wewe unamletea koleo? Mpe maji!"

"Mke wangu, Grotenbrook wameshika viberiti!"

"Na mimi nimeshika uma wa nyama. Mpe maji. Na si maziwa, yatamharisha."

Hinnerk akaweka bakuli la maji. Tukangoja. Pua ikachomoza, kisha macho. Akanywa, na akanywa, na akanywa, nasi tumesimama kama tuko kanisani, soseji zikiungua. Ng'ambo moshi ukapanda, na vigelegele vya Grotenbrook vikavuka shamba la viazi.

"Basi tena," Hinnerk akasema, masharubu yameanguka.

Hapo kalunguyeye akafuta mdomo kwenye nyasi, akageuka, akaanza safari kuelekea wapi? Kwenye rundo jipya! Kitanda kipya, kikavu, kimetandikwa na kijiji kizima!

"Hapana, mzee wangu, si huko!" Na kamanda, katika sare yake ya sherehe, vifungo vinameta, akajitupa kifudifudi matopeni, akawa ngome ya nyama baina ya mnyama na kifo. Kalunguyeye akafika kwenye buti lake. Akalinusa. Akalilamba rangi. Kisha, sikieni ajabu, akatafuna-tafuna mpaka povu likamtoka, akajipinda shingo na kujipaka lile povu kwenye miiba yake, kama bwana harusi anayejipaka manukato.

"Umempa sumu!" akalia Frauke.

"Amependa harufu tu, mama, ndivyo walivyo," nikasema mimi. "Tulia, Hinnerk, usichezeshe mguu."

"Shangazi, kuna baridi huku chini."

"Mwenzako kavumilia tangu Novemba."

Hakucheza. Alipokwisha kujipamba, yule mwenye mikuki akauzunguka mwili wa kamanda kuanzia buti hadi kofia, akapita chini ya ua wa Frauke, huyooo, kutafuta konokono na labda mchumba. Sote tukapiga makofi. Ndipo moto wetu ukawashwa, wa mwisho katika wilaya nzima.

Simu ikalia. Alikuwa Ubbo, kamanda wa Grotenbrook, mtu mwenye majivuno kuliko jogoo.

"Vipi huko? Viberiti vimelowa?"

Hinnerk akajifuta tope masharubuni. "Tulikuwa na mgeni, Ubbo. Kalunguyeye, ndiyo kwanza ameamka. Tulimngoja anywe maji."

Kisha Ubbo akauliza kwa sauti ya chini, "Alimaliza?"

"Bakuli zima."

"Basi mwaka huu mtambe ninyi," akasema Ubbo, akakata simu.